Damu nyeupe baada ya supu na chapati: mafuta yanavyotoka utumboni mpaka kwenye mshipa

Swali: Habari daktari. Nina miaka 46, naishi Tanga. Juzi saa mbili asubuhi nilikunywa supu ya mbuzi kwa chapati mbili, saa tano nikaenda kupima damu. Mtaalamu wa maabara akanionyesha kichupa: chini damu nyekundu, juu maji meupe kama tui la nazi. Akaniambia nirudi siku nyingine bila kula. Shuleni tulifundishwa kwamba chakula husagwa mpaka kikawa chembe ndogo ndipo kinaingia kwenye damu. Sasa mafuta yaliingiaje yakiwa mafuta? Jirani yangu ananiambia nihamie mafuta ya nazi, kwamba hayo hayapiti kwenye damu, yanakwenda ini moja kwa moja. Ni kweli?

Jibu: Ndugu yangu, ulichofundishwa shuleni ni sahihi, ila hakikufika mwisho. Mafuta ya supu ile yalisagwa kweli, yakawa vipande vidogo, yakavuka ukuta wa utumbo. Kisha, ndani ya seli za ukuta huohuo, vipande vikaungwa tena vikawa mafuta kamili, yakafungwa kwenye chembe zenye ganda la fosfolipidi na protini, yakapanda kwa mishipa ya limfu, yaani mishipa ya majimaji ya mwili iliyo kando na ya damu, mpaka karibu na shingo, na hapo ndipo yakamwagika kwenye damu. Saa tatu au nne baada ya kula ndio wakati yanapokuwa mengi zaidi. Kwa hiyo kukuta ukungu kwenye damu saa tano asubuhi si ajabu. Ila weupe wa tui umezidi ukungu, na mtaalamu wa maabara alifanya vizuri kukurudisha. La mafuta ya nazi nitalijibu mbele kidogo. Jirani yako ameshika ukweli mdogo akaupanua kupita kiasi.

Tuanze na mlo wenyewe. Bakuli la supu ya mbuzi na chapati mbili linaweza kubeba gramu 30 hadi 40 za mafuta. Zaidi ya asilimia 90 ya mafuta hayo ni trigliseridi, yaani gliseroli moja iliyobeba asidi za mafuta tatu. Likiwa katika umbo hilo, mafuta hayapenyi utando wa seli. Na kuna kikwazo kingine kinachotangulia: vimeng'enya hufanya kazi ndani ya maji, na mafuta hayachanganyiki na maji. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mmeng'enyo wa mafuta ni kuyavunjavunja yawe matone madogo, ili vimeng'enya vipate mahali pengi pa kushika.

Kazi hiyo huanzia tumboni. Misuli ya tumbo huyakoroga mafuta, na lipasi ya tumbo, yaani kimeng'enya kinachokata mafuta, hukata kati ya asilimia 10 na 30 ya trigliseridi. Kwa mtu mzima huo ni utangulizi tu. Kwa mtoto mchanga ni msaada mkubwa, maana kongosho lake bado halijakomaa. Ndiyo sababu maziwa ya mama nayo huja na lipasi yake, ambayo huanza kazi ikikutana na nyongo ya mtoto. Maziwa ya mama yakichemshwa, lipasi hiyo huharibika na mafuta anayofyonza mtoto hupungua.

Chakula kikianza kushuka kwenye duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, seli za hapo huyatambua mafuta na kutoa homoni iitwayo kolesistokinini. Homoni hii hubana mfuko wa nyongo, hulegeza mlango wa mrija wa nyongo, huliamuru kongosho kumwaga vimeng'enya, na kulichelewesha tumbo lisishushe chakula chote kwa pamoja. Ukinywa supu yenye mafuta asubuhi ukakaa hadi mchana bila njaa, hilo la mwisho lina mkono wake. Homoni nyingine, sekretini, huchochewa na asidi ya tumbo na kulifanya kongosho kumwaga bikaboneti ya kuituliza, kwa kuwa lipasi ya kongosho huharibika kwenye uchachu.

Nyongo haina kimeng'enya cha kusaga mafuta, ingawa wengi hudhani inacho. Kilichomo ni chumvi za nyongo, ambazo ini huzitengeneza kutokana na kolesteroli, pamoja na fosfolipidi. Chumvi hizi zina upande unaoshika maji na upande unaoshika mafuta, hivyo hulizingira tone la mafuta na kulizuia lisiungane na jingine. Mwili mzima una gramu 2 hadi 4 tu za chumvi hizo, na zinatosha kwa sababu zinatumika tena na tena. Zikifika mwisho wa utumbo mwembamba, asilimia 95 hivi hufyonzwa na kurudishwa kwenye ini, na mzunguko huo hujirudia mara 6 hadi 10 kwa siku. Zinazopotea na choo ni nusu gramu hivi kwa siku, na ini hutengeneza nyingine kufidia.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya shule huliruka. Chumvi za nyongo zikishalizingira tone, huizuia hata lipasi isilifikie. Kongosho lina dawa yake: pamoja na lipasi humwaga protini ndogo iitwayo kolipasi, inayojishikiza kwenye uso wa tone na kuishika lipasi ibaki hapo. Lipasi hukata asidi za mafuta mbili za pembeni na kuiacha ya katikati ikiwa bado imeshikana na gliseroli. Kipande hicho ndicho monogliseridi. Kwa hiyo mwisho wa mmeng'enyo tunapata asidi mbili huru na monogliseridi moja, wala si asidi tatu na gliseroli tupu kama inavyochorwa mara nyingi.

Mfaransa Claude Bernard aliuonyesha umuhimu wa kongosho katika karne ya 19 kwa kutumia sungura. Kwa sungura, mrija wa kongosho huingia utumboni mbali chini ya mrija wa nyongo. Bernard aliwalisha mafuta, akawapasua, akakuta mishipa ya limfu ya utumbo imejaa weupe kuanzia pale mrija wa kongosho unapoingia kwenda chini. Juu ya hapo, palipokuwa na nyongo peke yake, weupe haukuwepo.

Baada ya kukatwa, vipande vina kibarua cha kuufikia ukuta. Uso wa utumbo umefunikwa na tabaka jembamba la maji yaliyotulia, na asidi ndefu za mafuta hazilivuki kirahisi zikiwa peke yake. Chumvi za nyongo huvikusanya vipande hivyo, pamoja na kolesteroli na vitamini A, D, E na K, katika chembe ziitwazo miseli, zenye upana wa nanomita 5 hivi. Miseli husogea mpaka kwenye vinyweleo vya seli, mzigo wake huingia ndani, na chumvi za nyongo hubaki nje zikaendelea na safari kwenda kufyonzwa mwisho wa utumbo mwembamba. Sehemu kubwa ya mafuta huingia kwenye duodeni na jejunamu inayofuata, na mtu mwenye afya hufyonza zaidi ya asilimia 95 ya mafuta anayokula. Kolesteroli haiingii kwa wepesi huo: ina mlango wake maalumu, na kwa kawaida ni nusu hivi tu inayopita. Dawa ya ezetimibe hufanya kazi kwa kuuziba mlango huo.

Niongeze hapa jambo la jikoni. Vitamini zile nne, na karotini ya mboga za majani ambayo mwili huigeuza vitamini A, haziingii vizuri bila miseli, na miseli haziundwi ipasavyo bila mafuta. Mchicha au kisamvu kilichochemshwa kwa maji matupu hupoteza karotini nyingi chooni. Gramu 3 hadi 5 za mafuta kwenye mlo, kama kijiko kimoja cha chai, zinasaidia sana. Mawese mekundu ya Kigoma na Kongo yamebarikiwa kwa hilo, maana karotini na mafuta yake yamo pamoja.

Sasa ndani ya seli. Hili ndilo jibu la msingi la swali lako. Asidi za mafuta zikiwa huru na nyingi ni hatari kwa seli, kwa sababu huharibu utando kama sabuni inavyofanya. Kwa hiyo zikiingia tu, protini maalumu huzidaka na kuzipeleka kwenye viwanda vya ndani ya seli, ambako zinabandikwa upya kwenye monogliseridi, moja baada ya nyingine, mpaka trigliseridi imekamilika. Mafuta yaliyotenganishwa dakika chache nyuma yanarudi kuwa mafuta, ingawa mpangilio wa asidi zake unaweza kuwa tofauti na wa yule mbuzi.

Mafuta hayo hayawezi kumwagwa kwenye damu hivihivi, yangeelea na kuziba mishipa. Seli huyafungia ndani ya chembe iitwayo kilomikroni. Uti wake ni protini kubwa moja, B-48, inayoshikana na mafuta tangu inapoanza kuundwa, kwa msaada wa protini nyingine inayoyapakia mafuta humo. Jina B-48 linatokana na kwamba ni asilimia 48 ya protini ya B-100 ambayo ini huitengeneza kutokana na jeni ileile. Seli za utumbo huhariri ujumbe wa jeni hiyo ili usomwe nusu ya kwanza tu. Kuzunguka mafuta kuna tabaka moja la fosfolipidi. Uzito wa kilomikroni, asilimia 85 hadi 90 ni trigliseridi. Protini ni asilimia 2 au pungufu.

Uliutaja weupe wa tui, na umepatia kuliko ulivyodhani. Tui nalo ni matone ya mafuta yaliyovikwa protini yakaelea majini bila kuungana. Kilomikroni nyingi zina upana wa nanomita 75 hadi 600, nyingine zaidi, na chembe za ukubwa huo huutawanya mwanga unaozipiga. Mwanga uliotawanywa ndio jicho linauona kuwa weupe. Mafuta yakiwa bado kwenye miseli hayaonekani, chembe ni ndogo mno.

Kilomikroni ikishafungwa hutemwa upande wa nyuma wa seli, na hapo hukutana na njia mbili. Kapilari za damu ziko karibu kabisa, ila kuta zake hazina nafasi ya kupitisha kitu kikubwa hivyo. Katikati ya kila kinyweleo cha utumbo kuna mshipa mmoja wa limfu wenye mianya kati ya seli zake, na kilomikroni hupenya humo. Gaspare Aselli, mpasuaji wa Italia, aliiona mishipa hiyo mwaka 1622 alipompasua mbwa aliyekuwa amekula: nyuzi nyeupe zilizotapakaa kwenye utando wa utumbo, na alipoichoma mmoja ukatoka ute mweupe. Kwa mbwa asiyekula hakuziona. Mwaka 1651 Jean Pecquet wa Ufaransa akaeleza mfereji unaozikusanya: huanzia tumboni mbele ya uti wa mgongo, hupanda kifuani, na kumwaga limfu kwenye mishipa mikubwa ya damu upande wa kushoto, shingo inapokutana na bega.

Njia hii ndefu ina maana yake. Sukari na asidi za amino hubebwa na damu inayotoka utumboni na kufikishwa kwanza kwenye ini. Mafuta ya kilomikroni huikwepa ini katika mzunguko wa kwanza, yakaingia moja kwa moja kwenye damu ya moyo, ili misuli, moyo wenyewe na tishu za mafuta zichukue chao kwanza.

Ndani ya damu, kilomikroni hupewa protini mbili na HDL, chembe nyingine zinazobeba mafuta kwenye damu. Ya kwanza, C-II, ni ufunguo: bila hiyo lipasi iliyotegwa ukutani mwa kapilari, inayoitwa lipasi ya lipoprotini, haifanyi kazi. Ya pili, E, ni kitambulisho ambacho ini litakitumia baadaye. Kilomikroni hujinasa kwenye ukuta wa kapilari, lipasi huzikata trigliseridi zake kwa mara ya pili katika maisha yake, asidi za mafuta huingia kwenye seli jirani, gliseroli huenda ini. Mafuta ya kilomikroni moja huweza kumalizika kwa dakika chache tu. Ganda lililosinyaa, likiwa bado na kolesteroli, huchukuliwa na ini kwa kutambua ile protini E.

Nani apate mafuta zaidi huamuliwa na insulini. Baada ya mlo insulini hupanda, na lipasi ya kwenye tishu za mafuta huongezeka. Mafuta huwekwa akiba. Ukiwa umefunga, hali hugeuka: tishu za mafuta huyaachia mafuta yake yakiwa asidi huru zilizobebwa na albumini, protini ya damu, na misuli na moyo huzichoma. Ini nalo halikai bure. Hutengeneza trigliseridi zake, hasa ukila wanga na sukari nyingi au ukinywa pombe, na kuzituma kwa chembe za VLDL zenye B-100, ambazo zikipungukiwa mafuta huishia kuwa LDL, ile iitwayo kolesteroli mbaya. VLDL hutumia lipasi ileile ya ukutani. Kwa hiyo mtu ambaye VLDL zake tayari ni nyingi, akila supu na chapati, kilomikroni zake hupanga foleni, na damu hubaki nyeupe kwa muda mrefu kuliko ya mwenzake aliyekula mlo uleule. Hilo ndilo linalonifanya nisiuchukulie weupe wako kirahisi.

Kuna jambo lingine la kushangaza kidogo: si mafuta yote ya chakula cha usiku hutoka utumboni usiku huo. Sehemu hubaki ndani ya seli za utumbo, na ukianza kula asubuhi hutoka haraka. Yale uliyoyaona saa tano yanaweza kuwa yalichanganyika na ya jana yake.

Turudi kwa jirani yako. Ni kweli kwamba asidi za mafuta fupi na za kati, zenye kaboni 10 au pungufu, hazihitaji kufungwa kwenye kilomikroni. Huingia kwenye damu ya utumbo, hubebwa na albumini mpaka kwenye ini, na huchomwa upesi. Hospitali hutumia mafuta maalumu ya aina hiyo, yanayoitwa MCT, kwa wagonjwa ambao mishipa yao ya limfu au lipasi zao zina hitilafu. Lakini mafuta ya nazi tunayokamua Pwani siyo hayo. Asidi za kaboni 8 na 10 kwa pamoja ni asilimia 15 hivi tu. Karibu nusu yake ni asidi ya lauri yenye kaboni 12, iliyo mpakani, na sehemu kubwa yake hupitia limfu ndani ya kilomikroni. Zilizobaki, nyingi ni ndefu zaidi na hupita njia ya kawaida. Tena, ukilinganisha na mafuta ya alizeti, mafuta ya nazi huipandisha LDL. Wali wa nazi siku moja moja hauna ubaya. Kuyafanya tiba ya damu nyeupe ni kosa.

Ufanye nini sasa? Rudi kwenye kipimo ukiwa umefunga saa 10 hadi 12. Kula chakula chako cha kawaida saa mbili usiku, baada ya hapo maji matupu, na uwe maabara saa mbili asubuhi. Chai ya maziwa au hata ya sukari huharibu kipimo. Usinywe pombe siku mbili tatu kabla, na usibadilishe mlo wiki hiyo ili majibu yapendeze. Dawa zako za kila siku meza kama kawaida. Kama ni za kisukari, uliza kwanza utakavyozimeza siku ya kufunga.

Huenda ukaambiwa siku hizi kipimo cha mafuta hakihitaji kufunga. Kwa uchunguzi wa kawaida ni kweli. Ila trigliseridi za mtu aliyekula zikizidi milimoli 4.5 kwa lita, inafaa kurudia akiwa amefunga. Sababu ya kwanza ni kwamba LDL kwenye karatasi nyingi za majibu haipimwi, hukokotolewa, na hesabu hiyo huvunjika juu ya kiwango hicho. Sababu ya pili, weupe wenyewe huzidanganya mashine: hemoglobini huweza kusomeka juu kuliko ilivyo, na sodiamu chini kuliko ilivyo. Kama siku ile walipima vitu hivyo pia, omba virudiwe.

Ukiwa umefunga, trigliseridi chini ya 1.7 ni sawa. Kwa maabara zinazotumia miligramu kwa desilita, hiyo ni 150. Kati ya 1.7 na 5.6, tazama uzito, sukari, pombe na dawa. Kuanzia 5.6, yaani 500, kongosho linaanza kuwa hatarini, na juu ya 10 au 11 hatari ni ya kweli: kilomikroni nyingi ndani ya kapilari za kongosho hukatwa hapohapo, asidi huru zikamwagika, na kongosho huvimba.

Maji ya damu yakibaki meupe hata baada ya kufunga, mwombe mtaalamu aache kichupa kwenye jokofu la nyuzi 4, bila kugandisha, mpaka asubuhi. Tabaka la krimu likipanda juu na chini pakawa pangavu, panaonekana mpaka upande wa pili, hizo ni kilomikroni ambazo hazikupaswa kuwepo. Pakibaki na ukungu toka juu hadi chini, ni VLDL za ini. Vikitokea vyote viwili, kama inavyotokea mara nyingi kwa kisukari kisichodhibitiwa, foleni kwenye lipasi ndiyo tatizo. Ni kipimo cha zamani kisicho na gharama na bado kinafaa.

Pamoja na hayo pima sukari ukiwa umefunga au HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari wa miezi michache), homoni ya tezi ya shingo, protini kwenye mkojo, na kazi ya ini. Upungufu wa insulini huidhoofisha lipasi ya ukutani. Tezi ya shingo ikizembea, uondoaji wa mafuta hupungua. Mtajie daktari kila dawa unayotumia, zikiwemo za steroidi na za kufubaza VVU, maana baadhi, kama mchanganyiko wenye lopinavir na ritonavir, hupandisha trigliseridi. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako; daktari atatafuta mbadala kama upo.

Kwenye chakula, wengi hukimbilia kuacha mafuta tu na kuongeza ugali, mkate na soda. Kama tatizo ni VLDL za ini, hilo huzidisha. Anza na soda, juisi za sukari, sukari ya chai na pombe. Kisha punguza ukubwa wa rundo la wanga. Kama tatizo ni kilomikroni zinazobaki hata ukifunga, hapo mafuta ya chakula hupunguzwa kwelikweli, chini ya gramu 20 kwa siku kwa wale wenye hitilafu ya kurithi ya lipasi, na hilo lisimamiwe na mtaalamu wa lishe ili vitamini zisipungue. Kutembea kwa kasi jioni, dakika 45 hadi saa moja, husaidia mlo wa kesho yake, kwa kuwa misuli iliyofanya kazi huongeza lipasi kwenye kapilari zake kwa saa nyingi zinazofuata.

Kwa kuwa umeuliza njia nzima, nitaje kwa ufupi inavyoonekana ikikatika mahali pengine. Mafuta yasipofyonzwa, choo huwa kingi, cha rangi hafifu, kinanuka kupita kawaida, kinang'ang'ania sinki na kuacha mng'ao wa mafuta juu ya maji. Kikiwa cheupe kama udongo, mkojo ukawa wa kahawia na macho yakawa ya manjano, huenda mrija wa nyongo umezibwa, na damu huweza kushindwa kuganda kwa kukosa vitamini K. Kwa kongosho, dalili za choo huja lipasi ikiwa imeshuka chini ya asilimia 10 ya kawaida, ndiyo maana huchelewa. Tiba ni vidonge vya vimeng'enya, uniti 40,000 hadi 50,000 za lipasi kwa mlo kamili, vinavyomezwa pamoja na chakula. Vikimezwa nusu saa kabla hutangulia chakula na kupotea. Aliyeondolewa mfuko wa nyongo hana cha kuogopa sana: ini bado hutoa nyongo, ila hudondoka muda wote badala ya kumwagika kwa wakati wa mlo, na wengi hufyonza mafuta vizuri wakigawa mafuta yao katika milo midogo. Aliyekatwa zaidi ya sentimita 100 za mwisho wa utumbo mwembamba ana kazi kubwa zaidi, kwa kuwa chumvi za nyongo hupotea kuliko ini linavyoweza kufidia.

Na kuna hitilafu moja inayotuhusu sisi watu wa Pwani. Minyoo ya matende huishi kwenye mishipa ya limfu. Mishipa ikiharibika na kuziba, limfu yenye mafuta hutafuta njia nyingine, na kwa baadhi ya wagonjwa hupasukia kwenye njia ya mkojo. Mkojo huwa mweupe, hasa baada ya mlo wa mafuta, wakati mwingine na mabonge. Wengine hutibiwa miaka kama wenye kisonono au maambukizi ya mkojo. Ukimwona mtu wa hivyo, apimwe trigliseridi kwenye mkojo. Mkojo wa kawaida hauna. Hawa ndio wanaofaidika kupunguza mafuta ya kawaida na kupewa MCT wakati tiba ikiendelea.

Kwako wewe, kabla hujapata majibu ya kufunga, dalili moja usiisubirie miadi: maumivu makali ya tumbo la juu yanayochoma mpaka mgongoni, pamoja na kutapika. Nenda hospitali saa hiyohiyo, na waambie kwamba damu yako ilishawahi kuonekana nyeupe. Waambie hata kama hawajauliza, kwa sababu trigliseridi nyingi huweza kukifanya kipimo cha amilasi, kimeng'enya cha kongosho, kisomeke kawaida wakati kongosho limevimba, na wakijua watatumia lipasi ya damu na picha badala ya kukutuma nyumbani.